Propolisi ya nyuki wadogo niliyonunua Kirumba

Jamani kachupa kangu ka propolisi (ile gundi ya nyuki) ya nyuki wadogo wasiouma kameisha, nilinunua kwa mama mmoja mitaa ya sokoni Kirumba, Mwanza, sasa niseme ukweli. Harufu kali ya utomvu wa mti, ukidondosha kwenye maji yanageuka meupe kama maziwa na kikombe kinabaki na ugando wa njano hautoki hata kwa stilwaya, hapo nikajua ni mali yenyewe maana hawa nyuki wanakusanya utomvu wa miti wanauchanganya na nta. Imeloweshwa kwenye pombe kali, so wasiogusa kilevi mjue. Antioksidanti zake, yaani vitu vya kukinga seli zisiharibike, ni zile kemikali za mimea zinazoitwa fenoli na flavonoidi, ila kiasi kinategemea nyuki wametua miti gani, chupa mbili zinaweza zisifanane kabisa. Kilichoniudhi ni yule mama kusema eti inatibu kansa, aah wapi, hayo ni majaribio ya maabara tu, siyo ya mtu kupona! Lebo nayo haina hata tarehe. Wenye aleji na mazao ya nyuki pitieni mbali. Ntarudi, ila kwa ile asali yao chachu, ukimpaka sato wa kuchoma weee!