Betri ya pili kwa muziki mnene wa gari: Optima YellowTop D34 ndani ya buti

Kama umeshafunga sabufa mbili za inchi 12 na ampu (kikuza sauti) ya wati 1500 RMS, yaani wati za mfululizo sio za kilele, afu ukaona kila bezi ikigonga taa za dashibodi zinafifia, basi hii ni ya kwako, maana ndo hali iliyokuwepo kwenye gari yangu na ndo iliyonifanya nitafute betri ya pili. Nimeshakaa nayo muda wa kutosha kuisemea, foleni, safari ndefu, muziki wa injini imezimwa, vyote imepitia. Nasema mapema kabisa: betri ni nzuri na naipenda, ila ukiifunga kabla hujagusa nyaya za gari utakuja kuisingizia kosa ambalo sio lake.

Tuanze na hesabu kwa sababu hapa ndo watu wengi wanadanganywa. Ampu ya klasi D haipotezi umeme sana lakini bado inapoteza, chukulia inafanya kazi kwa asilimia 80, basi ili ikupe wati 1500 inabidi ivute wati 1875, gawanya kwa volti 13.8 unapata kama ampea 136. Oltaneta yangu, ile inayozalisha umeme injini ikiwaka, ni ya ampea 90, na gari yenyewe ukiwasha taa, AC, feni, na pampu ya mafuta inafanya kazi, tayari imeshakula 30 mpaka 40. Kwa karatasi haiwezekani kabisa. Kinachookoa ni kwamba muziki haupigi mlio mmoja mfululizo, unapanda na kushuka, na wastani wa umeme ampu inaovuta kwa nyimbo za kawaida ni theluthi hivi au chini ya hapo. Kwa hiyo wastani oltaneta inauweza, ile miruko ya bezi ndo haiiwezi. Oltaneta ni pampu na betri ni tangi, tangi la pili linakusaidia pale watu wote wanapofungua bomba kwa wakati mmoja lakini halitoi maji ambayo pampu haijaleta. Ndo maana mtu ambaye wastani wake wenyewe umeshazidi oltaneta anaweza kuongeza betri nne akazimaliza zote nne, inachukua muda tu. Huyo anahitaji oltaneta kubwa, betri haitamsaidia.

Kabla ya yote niliweka mita kwenye tamino za ampu, sio kwenye betri ya mbele, kwenye ampu kabisa, maana umeme unaofika ampu ndo unaocheza muziki. Injini inanguruma, muziki kimya, 13.9. Nikaweka wimbo wenye bezi ndefu, namba ikawa inadondoka mpaka 11.6 kila mdundo ukiingia. Sasa ampu nyingi za siku hizi nguvu yake inafuata volti, na inaifuata kwa kipeo cha pili, yaani volti zikishuka kutoka 13.9 mpaka 11.6 unabaki na asilimia kama 70 tu ya wati zako. Ukisikiliza harakaharaka utasema mbona sauti haijapungua, na ni kweli, kupoteza asilimia 30 ni kama desibeli 1.5, sikio halistuki. Tatizo ni kwamba geini, ile ya kuseti ampu ikuze sauti kiasi gani, uliiseti volti zikiwa juu, kwa hiyo ampu inafika mwisho wake mapema, inaanza kukata vichwa vya mawimbi, bezi inakuwa na ukavu fulani hivi kama inakwaruza, na koili ya sabufa inachemka. Sabufa nyingi zinaungua hivyo, watu wanasema spika feki kumbe umeme ndo mbovu.

Nyaya sasa. Kuna zile nyaya tatu ambazo kila mtu wa muziki wa gari lazima azibadilishe: ile inayotoka oltaneta kwenda chanya ya betri, ile ya hasi ya betri kwenda bodi, na ile ya injini kwenda bodi. Kiwandani waliziweka kwa mahitaji ya gari bila muziki. Mi niliweka waya wa geji 1/0, ambao ni kama milimita za mraba 50, kwenye zote tatu, pamoja na ule mrefu wa kutoka mbele mpaka buti, na sehemu ya bodi nilikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa ndo nikakaza bolti. Kwa nini unene unahesabika: waya wa shaba wa geji 4 wenye mita 5 ukipitisha ampea 136 unapoteza zaidi ya nusu volti njiani, huo wa 1/0 unapoteza kama robo tu. Na hakikisha ni shaba kweli. Sokoni umejaa waya wa aluminiamu uliopakwa shaba juu, unafanana kabisa kwa macho ila uwezo wake wa kupitisha umeme ni kama theluthi mbili ya shaba. Chukua uzi mmoja, ukwangue na kisu, ukiona weupe ndani ujue ni aluminiamu, na hata ukiushika mkononi ni mwepesi mno kwa unene wake. Kwa nyaya peke yake, bila betri yoyote, ile 11.6 ikapanda ikawa 12.4. Nyaya tu!

Kuhusu kapasita nitasema kidogo kwa sababu mafundi wengi ndo kitu cha kwanza wanachokushauri. Ile ya farad 1 ikishuka kutoka volti 14 mpaka 12 inatoa juli 26. Ampu inayovuta wati 1875 inazimaliza kwa sekunde 0.014. Wimbi moja tu la bezi ya 40 Hz lina sekunde 0.025. Yaani kapasita imeisha kabla hata wimbi moja halijamaliza mzunguko, na kuanzia hapo inakuwa mzigo mwingine wa kuchajiwa. Inapendeza na zile taa zake za namba, basi.

Haya, betri yenyewe. D34 ni AGM, asidi yake haichezi ndani kama maji, imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo iliyobanwa kati ya madini, yaani zile bamba za risasi, na kwa hii Optima madini yamekunjwa kama karatasi iliyoviringishwa, ndo maana kwa nje unaziona zile silinda sita. Ile ya kifuniko chekundu ni ya kuwashia gari, hii ya njano ni ya kazi mbili, inawasha na pia inavumilia kuchotwa na kuchajiwa mara kwa mara, betri ya kawaida ya starta ukiifanyia hivyo mara chache tu inakufa. Ina ampea-saa 55, CCA 750 (ampea za kuwashia gari kwenye baridi kali), uzito kama kilo 20. Ila namba iliyonifanya niichague ni ukinzani wa ndani, om 0.0028 ikiwa imejaa. Maana yake ukivuta ampea 100 ghafla inashuka kwa volti 0.28 tu. Kwa muziki hiyo namba ina maana kuliko ampea-saa, kwa sababu bezi haihitaji umeme wa saa nzima, inahitaji umeme mwingi sasa hivi. Na ikiwa imejaa imetulia inasoma 13.1, wakati betri ya kawaida ya asidi inakaa kwenye 12.6 au 12.7, kwa hiyo hata inapoanzia ni juu zaidi.

Nimeifunga buti, upande wa ampu, waya wa kati yao haufiki hata mita. Katikati ya hii na ya mbele kuna rilei (swichi inayofungwa kwa umeme) ya ampea 200 inayovutwa na swichi ya gari, ukiwasha gari inalia tak, betri zote mbili zinaungana na oltaneta inazichaji pamoja, ukizima zinaachana. Bila hiyo rilei ungecheza muziki gari imezimwa ukamaliza zote mbili ukabaki unasukuma gari. Kitu kimoja ambacho nakiona kimerukwa kwenye gari nyingi mpaka kinanitia hofu: fyuzi inawekwa upande wa mbele tu. Ukishakuwa na betri kila mwisho wa waya, ule waya unalishwa kutoka pande zote mbili, ukichubuka katikati ukagusa bodi fyuzi ya mbele itakatika vizuri kabisa na betri ya nyuma itaendelea kumwaga mamia ya ampea mpaka zulia liwake. Fyuzi mbili, kila moja isizidi sentimita 45 kutoka kwenye betri yake. Hapa sina mjadala na mtu. Pia kilo 20 ndani ya buti zifungwe kwa bolti zinazopita kwenye chuma cha bodi, kamba za plastiki ni utani, gari ikigonga kitu ile betri inakuja mbele na hakuna kiti cha nyuma kitakachoizuia. Na tamino ya chanya ivalishwe kifuniko, maana buti ni sehemu ya kutupia spana na jeki.

Matokeo sasa. Wimbo uleule, sauti ileile, mita palepale kwenye ampu: haishuki chini ya 12.9. Taa za mbele zimetulia, huwezi kujua kwa kuangalia nje kama ndani kuna mziki. Lakini raha yenyewe iko kwenye bezi, zile noti ndefu ambazo mwanzo zilikuwa zinaanza na nguvu afu zinalegea katikati, sasa zinakaa, zinashikilia mpaka mwisho. Kuna sehemu za nyimbo nazozijua miaka yote nimesikia sauti ya chini ambayo zamani ilikuwa ni mtikisiko tu wa bodi. Injini ikiwa imezimwa kwa sauti ya kuongea na watu karibu na gari inakwenda saa nzima na zaidi bila wasiwasi, na gari inawaka kwa betri yake ya mbele kama hakuna kilichotokea. Kiwandani wanaipa dakika 120 kwa ampea 25, lakini hiyo ni mpaka volti 10.5, na sikushauri ufike huko, nusu ya betri inatosha ukitaka ikae miaka.

Nisichokipenda kipo. Ampea-saa 55 ni chache kwa boksi la ukubwa huo, zile silinda zinaacha mapengo katikati ambayo betri ya AGM ya madini bapa ingeyatumia, kwa hiyo mtu anayetaka masaa mengi ya muziki gari imezimwa atapata zaidi kwa hizo bapa. Pili, ikiishiwa kabisa ikashuka chini ya volti 10.5, chaja nyingi za kawaida zinakataa kuitambua, zinadhani imekufa, inabidi uiunganishe sambamba na betri nzima kwanza ili chaja ikubali kuanza. Tatu, bei yake sio ya mchezo ukilinganisha na betri ya kawaida. Na kama gari yako ni zile mpya zenye oltaneta janja inayoshusha volti zenyewe ili kuokoa mafuta, oltaneta haitaijaza ipasavyo, AGM inataka kuona 14 na kitu, hapo jua unaongeza kazi nyingine.

Kuna watakaouliza kwa nini sikwenda lithiamu. LiFePO4 ni nyepesi sana na volti zake hazitikisiki, seli nne zinakupa 12.8, kwa mashindano ni kitu kikali. Ila haitakiwi kuchajiwa chini ya nyuzi sifuri, joto la kwenye boneti hailipendi, bodi yake ya ulinzi inaweza kukata umeme ghafla bezi ikivuta kupita kiwango chake, na ikiwa tupu inavuta kwa oltaneta kila ampea iliyopo mpaka oltaneta ndogo inaungua. Kwa oltaneta ya 90 nisingethubutu. Ukishafikia mfumo wa wati 3000 na kuendelea ukiwa na oltaneta kubwa, hapo lithiamu inaeleweka.

Kwa mwenye ampu ya wati 800 mpaka 2000 RMS, oltaneta ya kiwandani ambayo bado ni nzima, na nyaya zilizoshaboreshwa, hii naipendekeza bila kusita. Chini ya wati 800 badilisha nyaya upime tena, kuna uwezekano mkubwa usiihitaji kabisa. Ukishaifunga, rudi baada ya wiki moja ya kutembea ukaze tena bolti zote, maana shaba inajikandamiza na mtikisiko wa bezi unazilegeza, afu piga muziki dakika kumi kwa nguvu, zima kila kitu na ugonge kila kichwa cha waya kwa mgongo wa kidole, chenye joto kuliko wenzake ndo chenye tatizo, kifungue ukisafishe kabla hujawasha tena.