Vijiti vya kupimia jinsia ya chatu: vinafaa, ila si kwa kila mkono

Seti hii ya vijiti vya chuma cha pua, niliyoinunua katika duka la wanyama watambaao hapa Uingereza, imetengenezwa ili kumsaidia mfugaji wa Python regius, yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi anayejikunja na kuficha kichwa anapoogopa, kutambua dume na jike. Haja yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Rangi ya chatu hawa haisemi lolote kuhusu jinsia, na vile vikucha vilivyo pembeni mwa tundu la haja, ambavyo wauzaji wengi huvitazama na kutoa hukumu papo hapo, madume na majike wote wanavyo.

Chatu niliyeuziwa kama jike alipitisha misimu miwili pamoja na dume bila kutaga, huku wote wawili wakisusa chakula. Kijiti kilichopakwa jeli, nilichokiingiza kwenye tundu la haja, kiliteleza kuelekea mkiani mpaka gamba la tisa la chini ya mkia. Kwa jike kwa kawaida hukwama kwenye gamba la pili hadi la nne, ilhali kwa dume, ambaye viungo vyake vya uzazi vimekunjwa ndani ya mkia, hufika la nane hadi la kumi. Maswali ya joto, lishe na zile gramu 1,500 ambazo wafugaji wengi humtaka jike azifikishe kabla ya kupandishwa yakaisha hapo hapo.

Vijiti vinene vina ncha za mviringo zisizokwaruza. Kile chembamba kuliko vyote kina ukali kidogo unaouhisi ukipitisha ukucha, nami sikitumii, maana nyama za mahali pale huchanika upesi na dume aliyejeruhiwa huenda asizalishe tena. Lakini kasoro kubwa iko kwenye karatasi ya maelekezo: inataja idadi ya magamba bila kueleza kwamba dume aliyekaza misuli huzuia kijiti na kuonekana jike, hivyo kipimo kifupi sharti kirudiwe siku nyingine. Jeli nayo unajinunulia.

Asiyewahi kufundishwa kazi hii amlipe daktari wa mifugo, au apeleke gamba alilojivua nyoka kwenye maabara ya vinasaba, kwani dume wa chatu hawa ana kromosomu Y (sehemu ya vinasaba ambayo jike hana) inayoweza kupimwa bila kumgusa.

Natoa nyota tatu kati ya tano. Ya nne ningeiongeza kama kijiti chembamba kingesuguliwa vizuri na maelekezo yangeandikwa na mtu aliyewahi kumshika dume mbishi.