TAHADHARI: "Fundi wa kusafisha imeili" anayezunguka Mwanza, usimpe simu yako

Wakuu, mwangaluka.

Kuna kijana anajiita fundi wa imeili. Ana meza ndogo, kompyuta moja na mwamvuli. Leo utamkuta upande wa stendi ya Nyegezi, kesho Buzuruga, keshokutwa yuko Kirumba sokoni. Bango lake limeandikwa kwa kalamu nene: TUNAONDOA MATANGAZO YOTE KWENYE IMEILI, HAYARUDI TENA, 10,000/=. Ukilalamika kidogo anashuka hadi elfu saba. Ana heshima, anakuita mama au kaka, na anakuachia namba ya simu "ikitokea shida". Usiketi kwenye kile kiti chake.

Wateja wake wengi ni vijana waliomaliza vyuo, maana anajua pa kuwabana. Akaunti ya bure ya Google ina GB 15 tu, na hizo zinagawanywa kati ya barua pepe, picha na mafaili ya Drive. Zikijaa, barua mpya haziingii, zinarudi kwa aliyetuma. Sasa mwambie hivyo mtu aliyeomba kazi kwenye Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, na anasubiri kuitwa kwenye usaili, uone kama hatatoa elfu kumi hapo hapo. Asichokwambia ni kwamba mara nyingi kinachojaza nafasi ni picha na video. Matangazo ni maandishi na vipicha vidogo, yanakera kuliko yanavyojaza.

Kazi yenyewe anaifanya hivi. Anakuomba uingie kwenye akaunti yako kwa kutumia kompyuta yake, au umtajie neno la siri aandike mwenyewe. Zile namba sita za uthibitisho zikiingia kwenye simu yako, anasema, "Nisomee hizo, mama, ni za kusafishia." Baada ya muda mfupi anakugeuzia kioo: kikasha cheupe, hakuna kamari, hakuna kozi za bure, hakuna ofa za hoteli. Unalipa, unaondoka umefurahi.

Shemeji yangu naye aliondoka kwa furaha hiyo. Anauza dagaa pale Mwaloni, wateja wake wakubwa wako Kongo, na ankara zao hupita kwenye barua pepe. Wiki kadhaa baadaye mteja mmoja akampigia simu: mama, mbona umebadilisha akaunti ya benki? Shemeji hakuwa amebadilisha chochote. Mteja huyo ni mtu wa kupiga simu kabla ya kutuma hela, Mungu ambariki. Mwingine hakupiga. Malipo ya magunia yake yamekwenda kwa mtu tusiyemjua, na mpaka leo wanavutana nani abebe hasara.

Tulifungua akaunti ile kwenye kompyuta, tukaingia kwenye mipangilio, sehemu ya vichujio (filters), yaani amri za nini kifanyike kwa barua zinazoingia. Kulikuwa na viwili. Cha kwanza kilisema: barua yoyote yenye neno "unsubscribe" ifutwe. Ndiyo usafi wenyewe aliolipwa. Hakuwa amemwondoa kwenye orodha hata moja. Matangazo yalikuwa yanaendelea kuja kila siku na kutupwa kimyakimya kwenye pipa. Pamoja nayo zikatupwa taarifa za benki na risiti za tiketi, kwa sababu nazo huwa na neno hilo chini kabisa kwa maandishi madogo. Cha pili ndicho cha wizi: barua yenye neno "invoice", "payment" au "malipo" isionekane kwenye kikasha, na nakala yake ipelekwe kwenye anwani ambayo hakuna aliyeijua nyumbani kwetu. Jamaa alikuwa anasoma biashara ya mtu huku amekaa chini ya mwamvuli. Tulipokifuta kile cha kwanza, jioni ile ile kamari zikarudi kumiminika.

Hapa ndipo naomba msome polepole. Kujiondoa kwenye orodha ya matangazo ni bure, hakuhitaji neno la siri, na unafanya mwenyewe ukiwa kwenye daladala. Fungua barua yenyewe. Kwenye Gmail, juu karibu na jina la aliyetuma, utaona "Unsubscribe", au neno lake la Kiswahili kama umeweka Kiswahili. Kwenye simu usipoiona hapo, bonyeza vile vidoti vitatu. Bonyeza, thibitisha, basi. Tangu mwaka 2025 Gmail pia ina ukurasa wa "Manage subscriptions", upo kwenye menyu ya mistari mitatu pembeni. Unakuorodheshea wanaokutumia matangazo, ukawaondoa mmoja mmoja huku ukinywa chai.

Hiyo si hisani ya mtu. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wanawataka watumaji wakubwa (kwa Gmail ni wanaotuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku) waweke njia ya kujiondoa kwa kubonyeza mara moja, na ombi lako litekelezwe ndani ya siku mbili. Kampuni za Marekani nazo zinabanwa na sheria yao ya mwaka 2003, CAN-SPAM: wana siku 10 za kazi kukuondoa, hawaruhusiwi kukutoza hata senti, wala kukudai taarifa nyingine zaidi ya anwani yako ya barua pepe. Kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Inakupa haki ya kukataa taarifa zako zitumike kukutangazia biashara, na malalamiko yanapokelewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa hiyo kijana wa mwamvuli anakuuzia kitu ambacho mtumaji mwenyewe haruhusiwi kukuuzia.

Ila msibonyeze kila penye neno la kujiondoa. Duka ulilowahi kununua, gazeti ulilojiandikisha mwenyewe, hao jiondoe bila wasiwasi. Barua ya mtu usiyemjua kabisa, inayosema umeshinda gari au mzigo wako umekwama bandarini, usiguse linki yoyote ndani yake, hata ile ya kujiondoa. Ukiibonyeza unamthibitishia kwamba anwani hii ina mtu na anasoma; kesho atakuletea wenzake. Hiyo iripoti kama taka, uende zako. Na ukurasa wowote wa kujiondoa unaokuomba neno la siri, ufunge hapo hapo. Vivyo hivyo programu za simu zinazojinadi kusafisha kikasha: nyingi zinaomba ruhusa ya kusoma barua zako zote, tofauti yake na yule kijana ni kwamba hazina meza.

Kama umeshapita kwake, usianze kwa kumpigia simu kumgombeza. Badilisha neno la siri kwanza. Kisha ingia kwenye Akaunti ya Google, sehemu ya usalama, angalia vifaa vilivyoingia. Kompyuta usiyoijua iondoe. Kagua namba ya simu na barua pepe ya kurejesha akaunti, maana mwizi mwenye akili huacha za kwake pale ili arudi hata ukibadilisha neno la siri. Washa uthibitishaji wa hatua mbili. Halafu nenda kwenye vichujio na sehemu ya kusambaza barua (forwarding), uondoe usichokiweka mwenyewe. Programu ya Gmail ya simu haikuonyeshi vichujio, tumia kompyuta, au fungua kwa kivinjari cha simu ukichagua muonekano wa kompyuta. Wafanyabiashara, wapigieni wateja wenu mmoja mmoja mhakikishe wana akaunti sahihi ya benki. Msiwaandikie barua pepe, mwenzenu huenda bado anasoma.

Na akikutumia ujumbe wa simu wa kukutaka hela au namba za uthibitisho, upeleke 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, pamoja na namba iliyoutuma.

Shemeji ameshafungua jalada polisi na RB anayo. Kijana mwenyewe hajaonekana Kirumba tangu habari zianze kusambaa, inasemekana kahamia njia ya Igoma. Kama alikuhudumia, kabla hujafuta vichujio vyake vipige picha, hasa ile anwani inayopokea nakala, nawe ukaripoti. Tunataka kujua kama ni ile ile ya kwetu au ana nyingine.