Saitolojia kwa uvimbe wa neuroendokrini wa mapafu: inafaa wapi, inakwama wapi

Uvimbe wa neuroendokrini hutokana na seli zenye sifa za neva na za kutoa homoni; saitolojia ni kusoma seli zake kwa hadubini. Kwa saratani ya seli ndogo, kipimo hiki kinastahili alama za juu kabisa. Sindano ya geji 21 au 22, ikiongozwa na altrasaundi kupitia bronkoskopu, hufikia tezi za limfu za katikati ya kifua. Slaidi moja nzuri huonyesha saitoplazimu haba, viini vilivyobanana hadi kufinyana umbo, na kromatini (nyuzi za DNA ndani ya kiini) ya chembechembe laini, bila nyukleoli, yaani kidoa cha ndani ya kiini, ya kuonekana.

Kwenye kasinoidi, uvimbe wa kundi hilihili unaokua polepole zaidi, alama zinashuka. Kuitambua kunawezekana, kuigawa kuwa ya kawaida au isiyo ya kawaida, hapana. Ya kawaida ina mitosi (seli zinazogawanyika) chini ya 2 katika milimita 2 za mraba na haina nekrosisi (tishu iliyokufa). Isiyo ya kawaida ina mitosi 2 hadi 10 katika eneo hilohilo, au ina nekrosisi. Sindano haileti eneo zima la tishu la kuhesabia, kwa hiyo ripoti inayotaja aina kwa uhakika imevuka mpaka. Makohozi nayo hayasaidii sana: kasinoidi mara nyingi hufunikwa na utando mzima wa bronkasi, seli hazidondoki.

Kosa baya kuliko yote ni kusoma kasinoidi iliyopondwa kama seli ndogo, na mgonjwa wa kufanyiwa upasuaji akaishia kwenye kemotherapi. Kinga yake ni Ki-67, rangi inayoonyesha asilimia ya seli zinazozaliana: seli ndogo kwa kawaida hupita 50%, kasinoidi huwa chini ya 20%. Ndiyo maana tunasisitiza kibonge cha seli, yaani seli zilizokusanywa kwenye nta ili zikatwe na kupakwa rangi kama hizo. Usimalizie sampuli yote kwenye slaidi; michomo inayofuata imwagwe kwenye formalini, izungushwe kwenye sentrifuji, kisha igandishwe katika nta. Hapo rangi za kutambua seli za neuroendokrini zitafanya kazi: INSM1 itapaka kiini, sinaptofizini na kromogranini zitapaka saitoplazimu.

Saratani ya neuroendokrini ya seli kubwa ndiyo inayoponyoka zaidi. Ina nyukleoli na saitoplazimu ya kutosha, hivyo husomwa kama adenokasinoma, na asiyeishuku haagizi rangi hizo kabisa.

Wakati wa kutandaza, telezesha slaidi bila kukandamiza, kwa sababu viini hivi huchanika upesi na kuacha nyuzi za buluu. Slaidi ya kupakwa rangi ya Papanicolaou itumbukizwe papo hapo kwenye alkoholi ya 95%. Ikikauka kwanza, viini huvimba na kromatini hupoteza chembechembe zake. Slaidi ya rangi ya Giemsa ndiyo ya kukaushwa hewani.