Impreza WRX ya 2004 nimeifufua uani kwangu: kipi kimelipa na kipi ni kuchoma hela

Wakuu, gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX ya 2004 (kodi ya bodi GDA), injini EJ205 yenye turbo, cc 1,994, giaboksi ya mkono spidi tano, Japan ilitoka na nguvu za farasi 250. Nimeikuta imelala miaka, matairi yamekaa chini, hozi zimekauka, ila bodi haina kutu ya kutisha. Kazi karibu yote nimefanya nyumbani chini ya turubai, fundi umeme nimemwita kwa mambo ya waya tu.

Sasa kila aliyepita pale uani ushauri ulikuwa mmoja, weka turbo kubwa. Mimi nasema hela ya kwanza isisogelee turbo kabisa, ipeleke kwenye oili.

Kwanza shusha injini. EJ silinda zimelala mbili huku mbili kule, kwa hiyo hedi zimebanana na chesisi pembeni, hata kubadilisha plagi tu mkono unachubuka, gasketi za hedi ndo usiseme. Kodisha winchi, fungua, itoe nje, ni haraka kuliko kuhangaika nayo ikiwa ndani. Ikishatoka vua pampu ya oili uigeuze nyuma, kuna kibamba kimefungwa na skrubu na hizo skrubu zinajulikana kwa kulegea, presha inashuka kidogo kidogo na wewe huna habari, zitoe uzirudishe na ile gundi ya nyuzi. Halafu fungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, uangalie bomba la kunyonya oili, la kiwandani lina historia ya kupasuka kwenye maungio, na hii mashine ikikosa oili sekunde chache tu beringi za konrodi zimeondoka, unaanza kusikia ile ngo ngo ngo na hapo umeshanunua injini nyingine. Nimeweka bomba la chuma kizito na kwa mradi wote huu hicho ndo kifaa ninachokipa nyota tano bila kufikiria, ingawa hakuna mtu atakayekiona wala kukisifia.

Kwenye bomba la oili linaloenda turbo angalia kama kuna kachujio kadogo ndani ya bolti, kakiziba turbo inakufa kwa kiu. Na kama apaipu yako, ile paipu inayopeleka moshi kwenye turbo, ina katalisti (kichujio cha moshi) ndani badilisha tu, ikimeguka vipande vinaingia moja kwa moja kwenye feni ya turbo.

Belti ya taimingi nimenunua seti nzima na pampu ya maji humo humo, maana belti ndo inazungusha pampu, na belti ikikatika valvu zinagonga pistoni. Tensheni, ile inayokaza belti, ibane kwenye jiriwa ikiwa wima, polepole sana, ukilazimisha unaua sili ya ndani.

Ukishafunga usikimbilie barabarani. Chukua kifuniko cha bomba la plastiki, toboa uweke vavu ya tairi, funga mdomoni mwa paipu ya kuingiza hewa, jaza upepo kidogo afu pakaa maji ya sabuni kila kiungo. Mapovu yatakuambia. Hozi za mpira za zamani karibu zote zitavuja, hapo hozi za silikoni ni hela halali kabisa.

Ile vavu ya kupuliza nje hewa ya turbo, ya pshhh? Nyota moja, na hiyo moja ni ya sauti. WRX inapima hewa kwa sensa kabla haijafika kwenye turbo, sasa ukiimwaga nje kompyuta inaendelea kumwaga petroli ya hewa ambayo haipo, gari linakohoa ukibadili gia. Rudisha ya kiwandani.

Turbo za mtumba nilizunguka kuziangalia mtaa wa Gerezani hapa Dar, zinaoshwa zinang'aa kama sufuria la harusi. Shika shafti uitikise, kucheza kidogo pembeni ni kawaida, ila ikienda mbele na nyuma iache hapo hapo. Mwisho nimebaki na TD04 yangu ya kiwandani, nimeongeza daunipaipu pana tu, yaani paipu ya moshi unaotoka kwenye turbo, na kwa foleni za Dar inawahi kuvuta kuliko zile kubwa zinazosubiri mizunguko ipande.

Ukibadilisha daunipaipu lazima uguse kompyuta ya injini, presha ya turbo inapanda yenyewe. Nimetumia waya wa Tactrix OpenPort na RomRaider, programu ya bure, unaunganisha konekta za kijani chini ya dashibodi unaanza. Ila kwanza funga geji ya mchanganyiko wa hewa na petroli, bila hiyo unapapasa gizani. Petroli ya juu ya Japan inacheza kwenye oktani 100, yetu haifiki huko, kwa hiyo ramani ya kompyuta ya watu wa Japan ukiibandika hivi hivi injini itagonga, petroli inalipuka vibaya ndani ya silinda. Punguza adivansi (cheche kuwahi), punguza presha ya turbo, mchanganyiko turbo ikivuta nimeuacha karibu na hewa 11 kwa petroli 1, na kurekodi data gia ya tatu inatosha.

Kilichobaki ni giaboksi. Hizi za spidi tano hazipendi kuachiwa klachi kwa fujo, ya spidi sita ya STI, ile Impreza kali zaidi, ni imara zaidi lakini ukiitaka ujue unabadilisha vitu vingi pamoja na difu, kwa hiyo yangu naiendesha kistaarabu tu. Oili naweka sinthetiki 5W-40, namwaga kila kilomita 5,000, na dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, naichungulia kila nikijaza mafuta.