NAS ya ofisi: snapshot ndo unalipia, mengine mbwembwe

Oya wana, mambo vipi, karibuni tena, tupo Dom kama kawaida, jua la saa tisa kwenye bati hapa Nkuhungu si la mchezo kwa hiyo mkiniona natiririka jasho msishangae, feni nimeizima makusudi maana inaingia kwenye maiki. Na yule jirani anayechomelea mageti leo kapumzika, mshukuruni Mungu pamoja na mimi.

Leo ni NAS. Ile boksi ya diski unaichomeka kwenye swichi ya ofisi, watu wote wanatunza mafaili pale. Mezani ninazo mbili, hii ndogo nyeusi ni Synology ya diski mbili inatumia DSM, mfumo wa Synology wenyewe, na hili dude kubwa ni kompyuta ya zamani ya ofisini nimeipakia TrueNAS, mfumo wa NAS wa bure. Prosesa, RAM, spidi ya pot ya neti sisomi, hayo yapo kwenye boksi na muuzaji atakusomea mpaka uchoke. Mimi nataka programu, hasa snapshot, yaani picha ya folda jinsi ilivyokuwa saa fulani unayoweza kuirudia, maana hapo ndo watu wanapigwa.

Ngoja nianze na kilichonichefua. Unaingia dukani, unasema nataka kitu cha kutunza data za kampuni, jamaa anakuuzia boksi na diski mbili, anakwambia "bosi hii RAID 1, bakapu tayari unayo." Huna bosi wangu! RAID 1 ni diski mbili, kama makarani wawili wanaoandika kitu kilekile kwenye madaftari mawili. Mmoja akiugua mwingine anaendelea, kazi haisimami, sawa, hilo silibishi. Lakini mhasibu akifuta folda ya mishahara wote wawili wanafuta, muda uleule, kwa utii kabisa, tena hawaulizi. Sasa hapo bakapu iko wapi?

Tuonyeshane. Hii laptopu ni ya Windows 11, drive Z ndo NAS, ndani kuna folda inaitwa HESABU, ina mishahara, mikataba, risiti za EFD zilizoskaniwa, yote ya kutunga msijaribu kuzoom. Nimeandika kaskripti kadogo kanafanya kile ransomware inachofanya, vile virusi vinavyofunga mafaili halafu vinadai hela, yaani kanapita faili moja moja, kanalivuruga, kanalipachika mkia wa jina ".imefungwa". Nakabonyeza... mnaona? Alama za kijani za Excel zinapotea moja baada ya nyingine zinageuka karatasi nyeupe. Mishahara imeenda. Mikataba hiyoo. Hapo ingekuwa kweli ni mtu wa mapokezi amefungua kiambatisho cha imeili kinachojiita "invoice", na kwa kuwa ana ruhusa ya kuandika kwenye drive Z basi na virusi vina ruhusa hiyohiyo, NAS haina namna ya kujua kama anayeandika ni dada wa mapokezi au ni jambazi.

Halafu angalieni kitu kimoja, nahamia kwenye skrini ya DSM, naingia Storage Manager. Diski ya kwanza Healthy. Ya pili Healthy. Taa za mbele kijani tupu. Yaani kampuni haina faili hata moja linalofunguka na RAID inakwambia mambo safi! Hapo picha ningeiganda kabisa nimtumie yule wa dukani.

Haya sasa utamu. Narudi Windows, kliki ya kulia kwenye folda ya HESABU, Windows 11 wamelificha kidogo, unabonyeza kwanza Show more options, chini yake kuna Restore previous versions. Inaleta orodha. Saa tatu asubuhi, saa nne, saa tano, mpaka saa tisa hii ya leo kabla sijaharibu. Hizo zote ni snapshot. Nachagua ya saa tisa, na hapa naomba mnisikilize vizuri, USIBONYEZE Restore kwa pupa. Bonyeza Open. Inafunguka folda kama ilivyokuwa saa tisa, mishahara hii hapa, nafungua Excel, inafunguka, namba zipo. Ukitaka faili moja unalikopi unaliweka mahali pake, basi. Ukibonyeza Restore inarudisha folda nzima juu ya iliyopo, na kama kuna mwenzako kahifadhi kazi yake nzuri saa tisa na nusu inafunikwa na ya zamani. Tena yale mafaili yenye mkia wa ".imefungwa" hayaondoki, maana yana majina mapya, utayafuta mwenyewe.

Kilichonifurahisha ni kwamba aliyefanya hayo yote si fundi. Ni mhasibu kwenye laptopu yake, hajampigia mtu, hajasubiri kijana wa IT atoke Mtumba na foleni yake. Kama imeharibika folda yote ya ofisi, hapo ndo admin anaingia kwenye Snapshot Replication upande wa DSM anairudisha nzima kwa mpigo.

Na hazili nafasi kama mnavyodhani, hili swali mnaniuliza sana. Mfumo wa mafaili ni Btrfs kwenye Synology, ZFS kwenye TrueNAS, na yote miwili ina tabia moja, ukibadilisha faili haiandiki juu ya data ya zamani, inaandika pembeni, halafu inasema kuanzia sasa someni huku. Snapshot kazi yake ni kuishikilia ile ya zamani isifutwe. Kwa hiyo ukiipiga inachukua sekunde na nafasi karibu na bure, inakula tu kadiri mnavyobadilisha vitu. Lakini mtego upo hapo! Diski imejaa, unafuta folda ya video za harusi ya bosi, unaangalia nafasi, haijaongezeka hata kidogo. Watu wanadhani boksi limekufa. Halijafa, snapshot bado zinazishikilia zile video, nafasi itarudi snapshot za kabla ya kufuta zikiisha muda wake.

Ratiba sasa. DSM inakuruhusu kupiga kila dakika 5 na kuweka mpaka 1,024 kwa folda moja. Usifanye hivyo bana, ya nini hiyo yote? Kila saa wakati wa kazi inatosha, za leo ziweke zote, za nyuma bakiza moja kwa siku kwa mwezi mmoja, basi. Halafu angalia saa ya boksi. Ukiruhusu snapshot zionekane kama folda zinajiandika majina yanaanza na GMT+03 halafu tarehe na saa, GMT+03 ndo sisi, ukiona namba nyingine jua hujaweka saa za huku na siku ya tatizo utatafuta mpaka ulie.

TrueNAS kitu kilekile, nimejaribu hapa, kliki ya kulia ileile, orodha ileile. Tofauti ni kwamba TrueNAS inataka mtu anayejua anachofanya, menyu zake zimekaa kihandisi, na inataka RAM kuanzia GB 8. Kwa kampuni yenye kijana wa IT anayependa kujifunza ningesema TrueNAS bila kufikiri mara mbili. Kwa steshenari au duka la dawa la watu watano... hmm, hapana, nunueni Synology mlale. Ingawa bei yake inaniuma, ukweli ndo huo.

Na kwenye bei niwape umbea kidogo. Hawa Synology mwezi wa 4 mwaka 2025 walitangaza kwamba boksi zao mpya za Plus zinataka diski walizozipitisha wao, ambazo kwa kiasi kikubwa ni za jina lao wenyewe. Watu wakachachamaa, mimi nikiwemo, hapa kwenye chaneli mlinisikia. Mwezi wa 10 wakalegeza na DSM 7.3, sasa unaweza kuweka Seagate au WD yako. Kwa sisi tunaonunua Kariakoo hilo si jambo dogo, diski ikifa Jumatano unataka mtu apande treni ya SGR asubuhi arudi nayo jioni, sio usubiri ya jina fulani iagizwe nje. Na ukifika Kariakoo usinunue WD Red tupu, uliza Red Plus. Mwaka 2020 ilibainika zile Red za kawaida walibadilisha namna ya kuandika data kimyakimya, ukija kubadilisha diski kwenye RAID zinasota kweli.

QNAP nao, kampuni nyingine ya boksi hizi, mnawauliza. Boksi nzuri, unapata vyuma vingi kwa hela yako, ila Januari 2022 kuna ransomware iliitwa Deadbolt iliingia kwenye boksi zao zilizokuwa wazi kwenye intaneti, wakawa wanadai bitcoin 0.03 kwa kila mtu. Sisemi Synology hawaguswi, nasema USIFUNGUE pot ya NAS kwenye ruta ili uingie ukiwa nyumbani. Tumia VPN, njia ya siri ya kuingia kwenye neti ya ofisi. Nimemaliza.

Sasa mjanja mmoja ataandika kwenye komenti, "je jambazi akipata nywila ya admin si anafuta hizo snapshot zote?" Anafuta, ndiyo. Ndo maana DSM 7.2 ya mwaka 2023 ilileta snapshot zisizofutika, unaweka tiki, unasema siku 7 kwa mfano, na ndani ya siku hizo hata admin hafuti. Tazama, naingia kama admin mwenyewe, naichagua, Delete... imegoma! Hahaha, naipenda hii, narudia tena. Imegoma. Kwenye ZFS unaweza kuishikilia snapshot pia, ila mwenye root, yaani akaunti ya msimamizi mkuu, anaweza kuiachia, sio kufuli la namna hii, kwa hiyo hapa Synology wamewashinda.

Kuna na folda ya WriteOnce, unaweka faili, likifungwa halibadiliki mpaka muda uishe. Kumbukumbu za kodi zinatakiwa zitunzwe miaka 5, kwa hiyo wahasibu mtaipenda, ila msikimbilie ile hali kali ya Compliance kwa majaribio maana ukikosea muda umejifunga mwenyewe.

Vingine harakaharaka. Active Backup, programu ya Synology, inachukua bakapu ya kompyuta zote za ofisi bila leseni ya kulipia, hiyo peke yake wengine wanauza. Kamera, unapewa leseni 2 za bure, ya tatu unalipa, na hapo wananiudhi. UPS, nunua yenye pot ya data, chomeka waya wa USB kwenye NAS, washa kwenye Hardware & Power, umeme ukikatika boksi linajifunga lenyewe kistaarabu kabla betri haijaisha. Ile UPS ya bei chee isiyo na pot ya data itakushikia dakika chache halafu kila kitu kinazimika ghafla katikati ya kuandika.

Na snapshot zinakaa kwenye diski zilezile, eeh. Mwizi akibeba boksi kabeba na snapshot. Radi ikipiga hivyohivyo. Kama mna tawi Singida au Dar weka boksi la pili kule, inatuma mabadiliko tu usiku, neti ya kawaida inamudu. Kama hamna tawi, diski ya USB mbili za kubadilishana, moja ikalale nyumbani kwa bosi.

Habari za chaneli. Wale wa grupu la Telegram, nimewaona mnasubiri ile ya ruta za laini, inakuja, jamaa aliyenikopesha moja kaidai kabla sijamaliza kurekodi. Wanafunzi wa UDOM mnaoomba kuja kushika vifaa, njooni Jumamosi, mje na maji yenu.

La mwisho, kuna mtu kaniuliza mtumba. Kapata DS220j, Synology ndogo ya zamani, bei poa, achukue? Usichukue kwa kazi hii. Ile mfumo wake wa mafaili ni ext4 tu, Btrfs haina, kwa hiyo snapshot hakuna, umenunua wale makarani wawili. Ukiwa dukani mwambie akuwashie, ingia kutengeneza volume, yaani sehemu ya kutunzia mafaili, usipoona neno Btrfs kwenye chaguo rudisha hela mfukoni. Kama ushalipa, nitumie picha ya skrini kwenye komenti nikuambie la kufanya.