Paterni ya pourpoint ya Charles de Blois: mkono safi, maelekezo ya pamba hovyo

Nyota 3 kati ya 5. Paterni hii ya karatasi inafuata pourpoint, yaani koti la kujaza pamba, linalohusishwa na Charles de Blois, aliyepigania utawala wa Bretagne (Ufaransa ya leo) akauawa Auray mwaka 1364. Koti lenyewe lipo Musée des Tissus, makumbusho ya vitambaa huko Lyon.

Niliinunua kwa ajili ya mkono, na mkono haukuniangusha. Tundu la kuingizia mkono halifanani kabisa na la koti la suti: mbele linakata hadi kifuani, nyuma linakaribia bapa la bega, na nafasi hiyo huzibwa na vipande vya pembetatu vinavyoungwa kwenye mkono. Aliyezoea kutia kikwapa cha kanzu hatapata shida kuelewa. Unainua upanga juu ya kichwa, kiuno hakipandi hata kidogo. Alama za kuunganishia zimekaa sawasawa. Anza kwapani, piga bandi (mishono mirefu ya muda) kwa mkono, ndipo upeleke cherehani.

Tatizo ni pamba. Karatasi inaagiza ukate vipande vya saizi kamili, kisha upige mistari ya kushikilia pamba. Usithubutu. Mishono ikishabana pamba, kitambaa hujikunja na upana hupungua. Kwa mistari iliyoachana sentimita 3, kipande changu cha kifua cha sentimita 30 kilibaki 28, na koti zima lina vipande kadhaa vya namna hiyo. Kata mapande makubwa ya mstatili, weka pamba kati ya kitambaa cha nje na bitana, piga mistari yote, ndipo ulaze paterni juu yake ukate. Kitani kifuliwe kwa maji ya moto kabla ya yote.

Kivazi cha majaribio cha marekani tupu (kitambaa cha pamba cha bei rahisi) nacho kinadanganya, maana unene wa pamba unakula nafasi ya ndani. Kijaze pamba ileile, angalau kifuani na kiunoni.

Nafasi ya mshono waliyoacha ni sentimita 1. Acha 2, halafu chomoa pamba yote iliyo nje ya mstari wa kuungia. Bila hivyo mshono wa bega unakuwa donge na sindano inakatika. Sindano namba 16 inatosha, urefu wa hatua ya mshono milimita 4, mguu wa cherehani ulegezwe. Poliesta ya mito iache huko huko kwenye mito: haipitishi jasho, na ndani ya deraya (vazi la chuma la vitani) utaokwa.

Vifungo vya kitambaa vishonwe ukingoni kabisa, si ndani kama vya shati, kwa kuwa paterni inahesabu kingo mbili zikutane katikati ya kifua. Hili karatasi haikulitaja popote, na ukivisogeza ndani sentimita 1 na nusu, kiuno kinabana vibaya.

Kiuno kiguse mwili. Soksi ndefu hufungwa kwa kamba ndani ya koti, hivyo kikilegea, uzito wote unahamia mabegani. Mwenye tumbo aongeze kwenye mishono ya ubavuni, ule wa mbele auache ulivyo.